Hapa Usizibe

Alinijia kwanza kwa ajili ya kiatu.
Skolastika, binti wa Nandonde wa Ndanda:
bendi ya misheni ilikuwa na maandamano ya Pasaka
na soli yake ya kushoto ilipiga makofi peke yake, nje ya mdundo.
Nikashona. Alitazama sindano yangu, kisha akauliza:
"Fundi, ngozi unayotia kwenye ndara
inaweza kuziba upepo?"

Ndivyo nilivyoanza kushona saksafoni.

Sikuwa nimewahi kuishika. Ina matundu kama filimbi
iliyokula ikashiba, kila tundu na kifuniko chake,
na kila kifuniko kinataka ngozi chini yake
laini kama sikio la mwanambuzi.
Nilikata maduara kwa kizibo cha soda,
gundi nikachemsha mwenyewe.
Usiku tukaingiza tochi ndani yake:
mwanga ukavuja sehemu tatu. Tukarudia.
Ukavuja sehemu moja. Akasema, tulale.

"Ni jazi," aliwaambia watu. Wazee wa Masasi wakacheka.
Jazi bila gitaa la solo? Bila wanenguaji?
Hiyo ni jazi au kilio cha mjane?

Mwezi wa saba salfa inapopulizwa mikoroshoni
na mashine mgongoni mwa mtu inanguruma noti moja kutwa,
yeye alikaa mpakani mwa shamba la baba yake,
kitambaa puani, mdomo kazini,
akapanda juu ya ile noti, akashuka, akaizunguka
kama kuku anayetafuta pa kutagia.
Mpulizaji akazima mashine ili amsikie vizuri.
Akafokewa: "Washa! Umeninyang'anya sakafu!"

Ndimi za dukani zilipomwishia
alichonga ulimi wa matete ya Lukuledi.
Ulidumu nyimbo mbili na nusu.

Kisha ukaja mwaka wa gesi. Mtwara ikajaa kofia za plastiki,
hoteli moja ya Shangani ikamweka kando ya bwawa la kuogelea,
Ijumaa na Jumamosi, shati jeupe, sahani ya pilau.
Walimwomba nyimbo za kwao. Akawapa,
ila katikati ya kila moja alificha mstari wa salfa.
Hakuna aliyegundua, isipokuwa mwosha vyombo kutoka Nanyamba
aliyetoka jikoni na povu mikononi, akasimama.
Mwaka ule nilibadilisha pedi mara nne.
Chumvi ya pwani ni mchwa usioonekana.

Kofia zikaondoka. Bwawa likaota ukijani,
na mshahara wake wa miezi mitatu ukabaki huko chini.

Dar. Nairobi. Halafu nchi ya baridi, ambako, aliniandikia,
gundi yangu ilipasuka dakika kumi kabla ya jukwaa,
akabana kifuniko kwa ule mpira tunaofungia noti za korosho.
"Watu walisimama, fundi.
Sijui walinisimamia mimi au walitafuta makoti."

Nilimsikia redioni siku ya mnada.
Ilisomwa bei ya kilo, tukaguna, kisha akaingia yeye.
Mteja wangu alikuwa na kiatu kimoja mguuni, ananisubiri.
Nikasikia kifuniko cha tatu kutoka juu kinavuja.
Nchi nzima ilisikiliza, aibu ikanishika mimi peke yangu.

Novemba iliyopita alirudi na saksafoni mpya,
inang'aa kama sinia la harusini.
Niliigusa, nikamrudishia. Haikuwa na kazi yangu.
Ndipo akaitoa ile kuukuu ndani ya kiroba.
"Badilisha zote," alisema, "ila hii."
Kidole chake juu ya kifuniko cha tatu.
"Hapa usizibe. Ile mpya nimeipuliza miaka miwili,
sijaona pa kutokea."

Mimi sijawahi kurudisha kazi inayovuja.
Ilinichukua siku mbili kutofanya kitu.

Ngozi yake nilikuwa nimeshaikata, duara, saizi kamili.
Imo kwenye mtoto wa meza pamoja na misumari ya robo
na karatasi ya deni: pedi mbili, mwaka wa gesi,
kwa penseli.